Washington: Mahali Mito Miwili Inapokutana

Mgeni anayefika Washington kwa mara ya kwanza huonyeshwa Ikulu, jengo la Bunge na sanamu ya Abraham Lincoln, kisha huambiwa kwamba ameuona mji. Ni wachache wanaopelekwa kusini zaidi, hadi pale ambapo mto Anacostia, ukitokea upande wa mashariki, unaingia katika mto Potomac. Makala hii inaangazia makutano hayo ya mito na mitaa inayoyazunguka, yaani eneo la Kusini Magharibi mwa Washington na ng'ambo yake, Anacostia. Ni eneo ambalo wakazi wake wamehamishwa mara kadhaa, na kila mara swali limekuwa lile lile: nani alipwe fidia?

Kwa wasikilizaji wa Kiswahili upande huu wa mji si mgeni kabisa, ingawa wengi hawaujui kwa jina. Sauti ya Amerika, iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1962, ilirusha matangazo yake kwa miongo mingi kutoka jengo lililoko Independence Avenue, katika sehemu hiyo hiyo ya Kusini Magharibi, mwendo mfupi kwa miguu kutoka gatini.

Anayetaka kuiona mito yote miwili kwa pamoja huenda Hains Point, ncha ya bustani ndefu iliyozungukwa na maji. Kulia kwake ni Potomac, na juu yake ndege zikishuka kuelekea uwanja wa ndege wa Reagan ng'ambo ya pili. Kushoto ni mfereji mpana wa maji unaoitwa Washington Channel, na baada yake ngome ya kijeshi ya Fort McNair, ambayo raia haingii bila kibali. Mbele ya ngome hiyo ndipo Anacostia unapojiunga na mkubwa wake. Maji hapa hujaa na kupwa kama ya pwani, ijapokuwa kutoka hapa hadi Potomac unapomwaga maji yake katika ghuba ya Chesapeake ni zaidi ya kilomita 150. Jambo ambalo wageni wengi hawalifahamu ni kwamba ardhi hiyo wanayoikanyaga haikuwapo zamani. Ilitengenezwa mwishoni mwa karne ya 19, kwa tope lililochimbwa kutoka chini ya Potomac baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1881. Kabla ya hapo, gati za Kusini Magharibi zilitazama mto wenyewe moja kwa moja, bila kizuizi.

Wakazi wa kwanza wanaojulikana katika historia iliyoandikwa ni Wanacotchtank, wavuvi, wakulima na wafanyabiashara walioishi kwenye ukingo wa mashariki. Nahodha Mwingereza John Smith aliwakuta huko mwaka 1608 alipopanda na Potomac. Kabla ya karne hiyo kumalizika walikuwa wametoweka kwenye ukingo huo, wengine kwa maradhi yaliyoletwa na Wazungu, wengine kwa vita na kusukumwa. Kilichobaki ni jina lao, likiwa limebadilishwa na ndimi za wageni hadi kuwa Anacostia.

Mwaka 1790 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kujenga mji mkuu mpya kando ya Potomac. Mwaka uliofuata mhandisi Mfaransa Pierre L'Enfant alichora ramani yake, na miongoni mwa waliosaidia kupima mipaka alikuwamo Benjamin Banneker, Mwafrika huru kutoka Maryland aliyejifundisha mwenyewe elimu ya nyota. Ncha ya makutano ya mito ilitengwa kwa ajili ya jeshi. Eneo la nyuma yake lilinunuliwa na walanguzi wa viwanja, wakiongozwa na James Greenleaf, ambaye pamoja na wenzake wawili walichukua viwanja 6,000 kwa mkopo mwaka 1793 wakitarajia utajiri wa haraka. Walifilisika, na wote watatu wakaishia katika jela ya wadeni. Nyumba chache walizoziacha, zikiwamo nne zilizoshikana zinazoitwa Wheat Row, bado zimesimama.

Mwaka 1815 ulifunguliwa mfereji uliokatiza mji, ukaitenga Kusini Magharibi na Washington nyingine. Wenyeji wakaliita eneo lao Kisiwa. Kisiwani humo waliishi mabaharia, wachukuzi, wauza samaki, Waafrika walio huru na Waafrika walio watumwa, wakipishana katika barabara moja. Soko la samaki lililoanza mwaka 1805 kando ya maji hayo lingali linauza kaa na chaza hadi leo.

Kutoka gati moja la Kisiwa hicho, la barabara ya Saba, ndiko kulikoanzia mojawapo ya majaribio makubwa kabisa ya watumwa kutoroka katika historia ya Marekani. Usiku wa Jumamosi, tarehe 15 Aprili 1848, watu 77, wanaume, wanawake na watoto, walitoka kimya kimya katika nyumba za mabwana zao, wakateremka hadi mtoni na kujificha katika ngama ya jahazi lililoitwa Pearl. Nahodha wake alikuwa Edward Sayres, na aliyelikodi ni Daniel Drayton, wote wawili Wazungu. Lakini mpango wenyewe ulisukwa pia na Waafrika wa Washington, miongoni mwao Daniel Bell, aliyekuwa fundi huru lakini akihofia mke na watoto wake kuuzwa, na Paul Jennings, ambaye zamani alikuwa mtumwa wa Rais James Madison.

Njia yao ilikuwa kushuka na Potomac hadi Chesapeake, kisha kupanda ghuba hiyo kuelekea kaskazini, katika majimbo ambayo utumwa ulikuwa umekomeshwa au unakaribia kukoma. Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, wanaojua maana ya kusubiri kaskazi na kusi, wataielewa kwa urahisi taabu iliyowapata. Usiku ule hapakuwa na upepo hata kidogo, na maji yalikuwa yakijaa, yaani yakiwarudisha nyuma. Jahazi lilikwenda masafa mafupi likalazimika kutia nanga, mji ukiwa bado unaonekana. Alfajiri upepo wa kaskazini ukaanza kuvuma, matanga yakajaa, na mchana kutwa wa Jumapili wakateremka na mto kwa kasi. Walipofika mdomoni mwa Potomac jioni, upepo ule ule uliowafikisha ukageuka kuwa wa mbisho, kwani sasa walipaswa kuelekea unakotoka. Wakatia nanga karibu na Point Lookout kusubiri.

Huko Washington, Jumapili asubuhi, familia zenye uwezo ziliamka na kukuta hakuna moto jikoni wala maji ya kuoga. Watu wapatao 30 wenye silaha wakapanda meli ya mvuke iitwayo Salem, ambayo haikuhitaji upepo. Waliifikia Pearl usiku wa manane na kuwakamata wote, wengi wakiwa usingizini.

Waliporejeshwa walipitishwa mitaani wamefungwa, huku umati ukizomea. Ghasia zikaelekezwa kwenye ofisi za gazeti la National Era lililopinga utumwa. Wengi wa waliokamatwa waliuzwa kwa wafanyabiashara waliowapeleka kusini, hadi New Orleans. Drayton na Sayres walifungwa hadi mwaka 1852, Rais Millard Fillmore alipowasamehe. Miongoni mwa waliouzwa walikuwamo dada wawili, Mary na Emily Edmonson, waliokuwa bado wasichana. Baba yao, mtu huru lakini maskini, alipewa bei: dola 2,250 kwa wote wawili. Alisafiri kwenda New York kuomba msaada, na fedha zikachangwa kanisani kwa mhubiri Henry Ward Beecher. Novemba 1848 mabinti wale wakawa huru, kwa kununuliwa.

Kisa cha Pearl kiliitia Marekani aibu mbele ya mataifa, kwa kuwa kilitokea katika mji mkuu wa nchi iliyojinadi kuwa ya uhuru. Mwaka 1850 Bunge lilipiga marufuku biashara ya watumwa katika Washington. Hata hivyo, utumwa wenyewe haukuguswa. Mtu hakuruhusiwa kuletwa mjini ili anadiwe, bali aliruhusiwa kuendelea kumilikiwa. Msomaji wa Zanzibar atatambua mfano huo mara moja. Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873 kwa mkataba na Waingereza, lakini utumwa ukaendelea kutambuliwa kisheria visiwani hadi mwaka 1897.

Kufanana hakukuishia hapo. Tarehe 16 Aprili 1862 Rais Lincoln alitia saini sheria iliyowaachia huru watumwa wapatao 3,000 wa Washington. Bunge lilitenga dola milioni 1 za fidia, kwa kiwango kisichozidi wastani wa dola 300 kwa kila mtu aliyeachiwa. Fidia hiyo haikwenda kwa waliofanya kazi bila ujira. Ilikwenda kwa mabwana zao, ili kuwafuta machozi kwa mali waliyopoteza. Aliyekuwa mtumwa naye alitengewa kitu: hadi dola 100, kwa sharti kwamba akubali kuondoka Marekani na kwenda kuishi Haiti, Liberia au kwingineko. Miaka 35 baadaye, amri ya Zanzibar ya mwaka 1897 nayo iliwaahidi fidia wenye watumwa. Serikali mbili zilizotengana kwa bahari kuu zilipata jibu moja, wala si ajabu, kwani waliokaa mezani kutunga sheria hizo walikuwa upande wa wenye mali.

Ncha ya jeshi nayo ilikuwa na yake. Juni 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mlipuko katika karakana ya risasi uliwaua wafanyakazi 21, wote wanawake, wengi wao wasichana wa Kiayalandi. Lincoln alihudhuria mazishi yao. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 7 Julai 1865, watu wanne waliopatikana na hatia ya kula njama ya kumuua rais huyo walinyongwa katika ua wa gereza lililokuwa hapo. Mmoja wao, Mary Surratt, alikuwa mwanamke wa kwanza kunyongwa na serikali kuu ya Marekani.

Baada ya vita, Waafrika wengi walioachiwa huru waliingia Washington wakitafuta kazi, na wengi walikaa Kusini Magharibi. Wahamiaji wa Kiyahudi na Wazungu wengine kutoka Ulaya walikaa pia hapo. Barabara ya Nne ndiyo iliyokuwa mpaka usioandikwa: Wazungu magharibi yake, Waafrika mashariki. Mkazi wa Dar es Salaam aliyezoea majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini hahitaji kuelezwa zaidi. Tofauti ni kwamba hapa mpaka ulipita katikati ya maduka, na watu wa pande zote mbili walinunua mkate na samaki kwa wachuuzi wale wale. Mwimbaji Al Jolson, mwana wa kiongozi wa sala wa sinagogi, alikulia mitaa hii; Marvin Gaye, aliyezaliwa mwaka 1939, naye pia.

Ulikuwa mtaa maskini. Vichochoroni kulikuwa na nyumba zisizo na umeme wala maji ya bomba, na vyoo vya nje. Picha zilizopigwa wakati huo, zikionyesha vibanda hivyo huku kuba jeupe la jengo la Bunge likichomoza nyuma yake, zilisambaa nchi nzima na kuwaudhi wabunge. Swali lilikuwa nini kifanyike. Nyumba mbovu zingeweza kukarabatiwa, na wapo wataalamu waliopendekeza hivyo. Wakuu walichagua kufagia kila kitu.

Sheria ya mwaka 1945 ilikuwa imeunda wakala wenye uwezo wa kutwaa ardhi ya watu, kuwalipa wenyewe, kubomoa, kisha kuikabidhi kwa kampuni binafsi zijenge upya. Mfanyabiashara mmoja alikwenda mahakamani. Alikuwa na duka kubwa katika barabara ya Nne, lililo zima na lenye wateja, na alihoji kwa nini serikali ichukue mali ya mtu mmoja isiyo na kasoro ili ikapewe mtu mwingine afanye biashara. Alifariki kesi ikiendelea, na msimamizi wa mirathi yake, Samuel Berman, akaiendeleza. Tarehe 22 Novemba 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli moja, ilimkatalia. Hukumu iliyoandikwa na Jaji William O. Douglas ilisema kwamba mpango wa mtaa hutazamwa kwa ujumla wake, si jengo kwa jengo, na kwamba wawakilishi wa wananchi wana mamlaka ya kuamua mji uwe wa kupendeza sawa na wanavyoweza kuamua uwe safi. Ilikuwa mahakama ile ile ambayo mwezi Mei mwaka huo huo ilikuwa imeharamisha ubaguzi wa rangi katika shule, za Washington zikiwamo. Kwamba hukumu hizi mbili ziliwaangukia watu wale wale, halikuonekana na wengi wakati huo.

Bomoabomoa ikaanza mwaka 1954. Watu takriban 23,000 walihamishwa, zaidi ya thuluthi mbili wakiwa Waafrika, pamoja na biashara zipatazo 1,500. Ekari zaidi ya 500 zikawa uwanja mtupu, isipokuwa majengo machache, likiwamo kanisa la Kikatoliki la St. Dominic na nyumba zile za Wheat Row. Barabara kuu ya magari ikapitishwa juu ya palipokuwa mitaa. Hapa pia fidia ilifuata njia yake ya zamani. Aliyelipwa thamani ya nyumba ni mwenye nyumba, ambaye mara nyingi hakuwa akiishi hapo. Mpangaji, na wengi walikuwa wapangaji, alisaidiwa kutafuta pa kuhamia. Jirani, mteja wa mkopo, mlezi wa mtoto wakati mama yuko kazini, hayo hayakuwa na bei katika daftari la wakala.

Majumba mapya yaliyojengwa yalisifiwa na wasanifu wa majengo, na si bila sababu. Yana miti, nafasi na mwanga. Hubert Humphrey, aliyekuwa makamu wa rais, aliishi katika mojawapo, Harbour Square, ambalo Wheat Row ilimezwa ndani yake. Lakini waliokuwa wakiishi Kusini Magharibi kabla ya hapo hawakuweza kulipa kodi yake.

Wengi walivuka Anacostia. Ukingo huo wa pili nao una historia yake. Mtaa wa kwanza uliojengwa huko, Uniontown, ulianzishwa mwaka 1854 na John Van Hook na wenzake, na hati za viwanja zilikataza kuuziwa Waafrika na Waayalandi. Biashara ilimwendea vibaya Van Hook. Mwaka 1877 nyumba aliyojijengea mwenyewe kilimani, Cedar Hill, ilinunuliwa na Frederick Douglass, mtumwa wa zamani aliyekuwa msemaji mkuu wa Waafrika wa Marekani. Kutoka barazani kwake Douglass aliuona mto, na ng'ambo yake kuba la Bunge. Alifariki hapo mwezi Februari mwaka 1895, na nyumba imehifadhiwa kuwa makumbusho.

Si mbali na hapo, mwaka 1867, Idara ya Watu Walioachiwa Huru ilinunua ekari 375 za shamba la familia ya Barry na kuziuza kwa vipande kwa Waafrika waliotaka kujenga. Walilipa wenyewe. Mchana walivuka daraja kwenda kufanya kazi mjini. Usiku, kwa mwanga wa taa na mioto, walikata miti na kupigilia mbao. Miongoni mwa familia zilizokaa katika kijiji hicho, kilichoitwa baadaye Hillsdale, ilikuwamo ya Emily Edmonson, yule binti wa jahazi la Pearl. Aliolewa, akalea watoto, akawa jirani na rafiki wa Douglass, na akafariki mwaka huo huo wa 1895, akiwa mwenye ardhi yake, kwenye ukingo unaotazamana na mji aliokuwa ameukimbia.

Hillsdale nayo haikuachwa. Katika miaka ya 1940 barabara kuu iliikata katikati, na sehemu yake ikajengwa nyumba za serikali za Barry Farm, ambako baadhi ya waliohamishwa kutoka Kusini Magharibi walipata hifadhi. Mwaka 2019 familia za mwisho zilitolewa katika nyumba hizo kupisha ujenzi mpya, kwa ahadi kwamba wanaotaka kurudi watarudi.

Na kule gatini? Uwanja wa besiboli ulifunguliwa karibu na Anacostia mwaka 2008, wa kandanda huko Buzzard Point mwaka 2018. Oktoba 2017 ulifunguliwa mtaa mpya wa maduka, hoteli na kumbi za muziki uitwao The Wharf, ukakamilika mwaka 2022. Majengo mengi ya miaka ya 1960 yaliyokuwa kando ya maji, yale yaliyosababisha watu kuhamishwa, nayo yamevunjwa. Kichochoro kimoja katika The Wharf kimepewa jina la Pearl Street, kwa kumbukumbu ya jahazi.

Anayetaka kuzitembelea pande zote mbili kwa siku moja apande treni ya chini ya ardhi, njia ya Kijani, iliyofika huku Desemba 1991. Kutoka kituo cha Waterfront, katikati ya palipokuwa barabara ya Nne ya zamani, kuna vituo viwili tu hadi Anacostia. Treni hupita chini ya mto kwa dakika chache, na abiria hauoni mto wenyewe. Kutoka kituoni, Barry Farm iko upande mmoja wa barabara kuu. Cedar Hill ni mwendo wa miguu kwa upande wa pili, kupanda kilima.